Kosa Namba 28

Kwenye steshenari za Buguruni, kandokando ya Barabara ya Uhuru, kazi nyingi huingia na kutoka kwa flashi. Mwanafunzi analeta ripoti ya mafunzo kwa vitendo, katibu wa vikoba analeta hesabu za kikundi, kijana wa studio analeta picha za harusi. Flashi inachomekwa, faili linanakiliwa, flashi inachomolewa, mteja analipa na kukimbilia daladala la Gongo la Mboto. Flashi ikijaa katikati ya kazi, wa kwanza kujua ni mfumo endeshi wa kompyuta. Nao huitamka habari hiyo kwa namba: kwenye Linux ni 28, kwenye Windows ni 112.

Je, namba hiyo itamfikia mteja kabla hajapanda gari, au itapotelea njiani? Kati ya mfumo endeshi na kioo anachokitazama karani kuna tabaka ambalo watu wachache hulifikiria: maktaba sanifu ya lugha iliyotumika kuandika programu. Kila ombi la kufungua faili, kuandika au kutuma data hupitia hapo, na kila kosa linalorudi hupitia hapo pia. Kwa zaidi ya miaka 50 watunzi wa maktaba hizo wamekuwa wakiamua nini kipite, nini kibadilishwe jina, nini kimezwe kimyakimya. Maamuzi hayo yalifanyika mbali sana na Buguruni, na hapa matokeo yake yanaonekana kila siku.

Namba kutoka Murray Hill

Mwongozo wa kwanza wa Unix una tarehe 3 Novemba 1971. Ken Thompson na Dennis Ritchie, waliouandika mfumo huo katika maabara ya Bell Labs huko Murray Hill, New Jersey, walikuwa na njia fupi ya kutangaza kushindwa: programu ikiomba kufungua faili ambalo halipo, biti moja ndani ya kichakataji huwashwa. Baadaye sababu nazo zikapewa namba. Kufikia toleo la sita, mwaka 1975, mwongozo ulikuwa na orodha nzima. Namba 2 ni faili halipo. Namba 4 ni ombi limekatizwa. Namba 5 ni kifaa kimeshindwa kusoma au kuandika. Namba 13 ni huruhusiwi. Namba 28 ni nafasi imekwisha.

Namba hizo ni zilezile leo kwenye Linux, na kwa hiyo zimo ndani ya kila simu ya Android inayouzwa Mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Simu iliyojaa picha inapokataa kupiga nyingine, chini kabisa ya ujumbe ule wa kirafiki huenda kuna 28 ya mwaka 1975.

Lugha ya C ndiyo iliyozipokea namba hizi kwanza kwa niaba ya waandishi wa programu, na maktaba yake ilifanya kazi ndogo kwa makusudi. Ombi likishindwa, hurudisha -1, kisha huweka sababu kwenye kigezo kimoja kiitwacho errno. Programu nzima ilikuwa na errno moja. Ni kama ubao mmoja wa matangazo kwenye ua wa nyumba ya kupanga: kila mpangaji anaandika juu ya maandishi ya mwenzake, hakuna anayefuta akimaliza, na anayechelewa kuusoma anasoma habari isiyomhusu.

Kutofuta huko kulizaa kisa ambacho watu wa Unix walikihadithia kwa miongo. Maktaba ya C ilipotaka kuandika kwa mara ya kwanza, iliuuliza mfumo kama kinachoandikiwa ni kituo cha mtu, ambacho zama hizo kilikuwa mashine ya kuchapa. Kama ni faili la kawaida, mfumo ulijibu kosa namba 25: hii si taipureta. Maktaba haikujali, iliendelea na kazi yake, lakini 25 ikabaki ubaoni. Baadaye kitu kingine kabisa kikishindwa, programu ilisoma ubao na kumtangazia mtumiaji kwamba kifaa chake si taipureta. Hata barua pepe iliyokosa mpokeaji iliwahi kurudi na maelezo hayo. Kosa lilikuwepo, sababu ilikuwepo, lakini viwili hivyo vilikuwa havihusiani.

Mwaka 1995 POSIX, kiwango cha pamoja cha mifumo ya jamii ya Unix, kiliagiza kwamba kila uzi wa kazi ndani ya programu uwe na errno yake. Vurugu za kufutiana zikapungua. Mzigo wenyewe haukuhama: bado ni mwandishi wa programu aliyepaswa kukumbuka kuuliza, kila mara, mara tu baada ya kila ombi. Asipouliza, programu inaendelea kana kwamba mambo ni shwari.

Wakati huo Dar es Salaam

Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, mashine aina ya ICT 1500 iliyofungwa Wizara ya Fedha. Miaka michache baadaye ikaja mipango ya kuhamishia hesabu za Serikali kwenye kompyuta, na mipango hiyo ikaenda vibaya. Hesabu zilivurugika, wataalamu wazawa walikuwa wachache mno, na Serikali ikarudi kwenye leja za mkono. Mwaka 1974 ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, pamoja na televisheni.

Ni rahisi kuusoma uamuzi huo kama woga wa teknolojia. Mimi nauona kama jibu la watu waliopewa matokeo mabovu na mashine ambayo hawakuwa na namna ya kuihoji. Hesabu ilikuja imeharibika, na sababu ya kuharibika haikuja nayo. Mhasibu anayejua kazi yake hawezi kukubali mfumo wa namna hiyo, na leja ya mkono, kwa uzito wake wote, angalau huonyesha mahali palipofutwa.

Marufuku hiyo ilikuja kulegezwa polepole katika miaka ya 1980 na kuisha kabisa miaka ya 1990. Lakini miaka ambayo mlango ulikuwa umefungwa ndiyo miaka ambayo mazoea ya kushughulikia makosa yalikuwa yakitungwa kwingine. Yalitungwa na watu waliofanya kazi kwenye vyumba vyenye umeme wa uhakika, diski zinazosimamiwa na mtu maalumu, na mtandao wa ndani ya jengo moja. Kwa watu hao, diski kujaa au umeme kukatika katikati ya kuandika lilikuwa tukio la nadra, la kuandikwa mwishoni mwa mwongozo. Unadra huo uliingia kwenye maktaba za lugha zetu na haujatoka.

Lugha zinatafuta majina

Java ilitoka mwaka 1996 ikiwa na utaratibu mzuri kwenye karatasi: kosa hurushwa, na mwandishi analazimishwa kulidaka au kulitangaza. Hata hivyo ombi la kufuta faili lilirudisha ndiyo au hapana, basi. Ikiwa hapana, hukujua kama faili halipo, kama limefungwa na programu nyingine, au kama huna ruhusa. Mfumo endeshi ulikuwa umeshatoa sababu kamili; maktaba ndiyo iliyoitupa. Ilichukua hadi Julai 2011, toleo la saba, kupata njia mpya ya kufuta inayorusha kosa lenye jina na sababu yake.

C++ nayo, mwaka huohuo wa 2011, iliingiza kwenye kiwango chake orodha ya makosa ya POSIX, 28 ikiwemo, na ikatenganisha mambo mawili ambayo wengi walikuwa wakiyachanganya: namba ghafi ya mfumo husika, na hali ya jumla inayoeleweka kwenye mifumo yote. Utenganisho huo una maana kubwa kwa yeyote anayetengenezea programu Linux na kuziuza kwenye maduka yanayotumia Windows. Kwenye Unix, 5 ni kifaa kimeharibika. Kwenye Windows, 5 ni huruhusiwi. Mwandishi anayelinganisha namba bila kuangalia mfumo anaweza kumwambia mwenye duka anunue diski mpya, wakati kinachotakiwa ni kubadilisha ruhusa za folda.

Lakini kisa ninachokipenda zaidi ni cha Python, kwa sababu watunzi wake walikiri hadharani kwamba maktaba yao ilikuwa inawatesa watu, kisha wakairekebisha.

Python ya Guido van Rossum ilitolewa mara ya kwanza Februari 1991 kutoka Amsterdam. Ilikua kwa kuongezewa vipande, na kila kipande kilikuja na kosa lake. Ukifungua faili kwa njia ya kawaida likakosekana, ulipata IOError. Ukilifungua au kulifuta kwa kupitia moduli ya os, kwa sababu ileile, ulipata OSError. Mtandao ulikuwa na kosa lake, Windows ilikuwa na lake. Aliyetaka kujua kama faili halipo alipaswa kukisia ni aina gani itarushwa, aidake, kisha afungue ndani yake atafute namba 2. Wengi walichoka. Walidaka kila kitu kwa pamoja na kuendelea na safari, na hapo 2, 13 na 28 zikatupwa kwenye shimo moja.

Julai 2010 Antoine Pitrou aliandika pendekezo namba 3151 la kupanga upya makosa hayo. Aliunganisha aina zote za zamani kuwa moja, OSError, huku majina ya kale yakibaki kama lakabu ili programu zilizopo zisivunjike. Chini yake akaweka familia mpya ya majina 15: FileNotFoundError kwa faili lisilopo, PermissionError kwa asiyeruhusiwa, ConnectionResetError kwa muunganisho uliokatwa na upande wa pili, TimeoutError kwa muda uliokwisha, na mengineyo. Maktaba yenyewe inaisoma namba kutoka mfumo endeshi na kuchagua jina linalofaa. Kazi iliyokuwa ikifanywa na kila mwandishi, mara nyingi vibaya, ikahamia mahali pamoja. Python 3.3 ilitoka na mpango huo tarehe 29 Septemba 2012.

Majina hayo 15 yalipatikanaje? Pitrou alikagua ni namba zipi ambazo maktaba sanifu na majaribio yake tayari yalikuwa yakizitafuta. Ni njia ya busara na ya haki kwa kazi iliyokuwepo. Ila ina matokeo yake: kosa ambalo watunzi hawakuwa na mazoea ya kulitafuta halikupata jina. Namba 28 haikupata. Hadi leo, mwandishi wa Python anayetaka kujua kama flashi imejaa anadaka OSError na kuitafuta 28 ndani yake kwa mkono, kama zamani.

Rust ilifuata njia hiyohiyo. Toleo lake la 1.0 la Mei 2015 lilikuwa kali kuliko lugha nyingi: jibu la kila ombi linalogusa mfumo ni ama matokeo ama kosa, na ukilipuuza mkusanyaji anakuonya. Kulikuwa na jina la faili lisilopo na la asiyeruhusiwa. Jina la hifadhi iliyojaa, StorageFull, lilithibitishwa rasmi kwenye toleo la 1.83, tarehe 28 Novemba 2024. Karibu nusu karne baada ya namba kuchapwa kwenye mwongozo wa Unix.

Simlaumu mtu kwa hilo. Nasema tu kwamba orodha ya majina ni picha ya maisha ya walioiandika, na maisha hayo yalikuwa na diski kubwa.

Nani arudie ombi?

Namba 4, ombi limekatizwa, ina historia ya pekee. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Richard Gabriel, mtaalamu wa lugha ya Lisp, alisimulia mazungumzo ya watu wawili, mmoja wa MIT na mmoja wa Berkeley. Yule wa MIT aliuliza Unix hufanya nini ishara inapokuja programu ikiwa katikati ya ombi refu. Akajibiwa kwamba ombi hukatishwa, kosa hurudishwa, na programu iliyoandikwa sawasawa hujaribu tena. Hakuridhika; kwake, kazi hiyo ilikuwa ya mfumo. Gabriel alitumia kisa hicho kueleza kwa nini muundo rahisi kutekelezwa hushinda muundo kamili, na Unix kweli ilishinda. Gharama yake ilikuwa kwamba kila mwandishi wa programu duniani alitakiwa kuzungushia kila ombi kitanzi cha kujaribu tena, na wengi hawakujua hata kama kitanzi hicho kinahitajika.

Python ililimaliza suala hilo kwa pendekezo namba 475 la Charles-François Natali na Victor Stinner, lililoingia toleo la 3.5 mwezi Septemba 2015. Tangu hapo maktaba yenyewe hurudia ombi lililokatizwa, ikikokotoa upya muda uliobaki kama ombi lilikuwa na kikomo. Lugha ya Go ilikutana na tatizo hilohilo Februari 2020, wakati toleo la 1.14 lilipoanza kutumia ishara kupokezana kazi ndani ya programu, na maombi yakaanza kukatizwa mara nyingi zaidi.

Kwa kawaida kurudia namba 4 ni salama kwa sababu mfumo unathibitisha kwamba ombi halikutekelezwa. Hapa ndipo ninapoomba waandishi wa programu za malipo wasimame na kufikiri. Tangu M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008, wafanyabiashara wa Kariakoo wamezoea hali nyingine kabisa: pesa imetumwa, mtandao umekwama, jibu halijarudi. Kwenye programu hali hiyo ni TimeoutError. Muda kwisha hakusemi kwamba malipo yameshindikana. Kunasema tu kwamba jibu halijafika. Anayerudia ombi hilo kama vile ni namba 4 anaweza kumkata mteja mara mbili. Maktaba haiwezi kujua tofauti hiyo kwa niaba yako, na hakuna pendekezo lolote litakaloiwezesha. Dawa iko kwenye programu: kila muamala uwe na namba yake ya kipekee, ili ombi likirudiwa, upande wa pili utambue kwamba ulishalipokea.

Umeme na ahadi ya diski

Mtu aliyeishi Dar es Salaam mwaka 2006 au 2011 anajua mgao wa umeme ni nini. Wa mwishoni mwa 2023 bado uko kwenye kumbukumbu za kila mwenye jokofu la biashara. Umeme ukikatika, data iliyokuwa ikisubiri kwenye kumbukumbu ya kompyuta hupotea, kwa sababu mfumo endeshi hauandiki kwenye diski papo hapo. Unakusanya, kisha unaandika kwa mafungu. Programu isiyotaka kubahatisha hutoa ombi liitwalo fsync, lenye maana kwamba usinijibu mpaka data yangu iwe kwenye diski kweli.

Hifadhidata ya PostgreSQL iliegemea ahadi hiyo kwa takriban miaka 20. Utaratibu wake ulikuwa wa kawaida: fsync ikirudisha kosa, ijaribu tena baadaye, ikifaulu, data iko salama. Machi 2018 Craig Ringer alieleza kisa kilichowatikisa watu wa hifadhidata duniani kote. Kwenye Linux, kuandika kukishindwa, kiini cha mfumo kiliripoti kosa mara moja, kisha kikaziwekea alama kurasa zile za kumbukumbu kama kwamba hazina tena kitu cha kuandikwa. Fsync ya pili ilikuta hakuna kinachosubiri, ikajibu kwamba mambo ni sawa. Data haikuwa kwenye diski. Programu ilifanya kila kitu ilichoamini ni sahihi, ikapokea jibu zuri, na jibu lilikuwa la uongo.

Marekebisho yalitoka Februari 2019. PostgreSQL sasa, fsync ikishindwa mara moja tu, hujiangusha yenyewe kwa makusudi na kujijenga upya kutoka kwenye kumbukumbu ya miamala. Ni uamuzi mzito, na naamini ndio sahihi. Hifadhidata inayosimama na kukataa kazi inamchelewesha mwenye duka kwa dakika chache. Inayoendelea baada ya kupoteza rekodi inamharibia hesabu za mwezi bila yeye kujua zilianza kuharibika lini. Mhasibu wa mwaka 1974 angeielewa hoja hiyo bila kufafanuliwa.

Somo la fsync linashuka hadi kwenye flashi. Programu nyingi hazimwagi data moja kwa moja. Maktaba huihifadhi kwanza kwa muda, kisha huiandika faili linapofungwa. Kwa hiyo kila ombi la kuandika linaweza kujibiwa vizuri, na 28 ikaja mwishoni kabisa, kwenye kufunga. Na kufunga ndipo ambapo karibu kila mtu ameacha kusikiliza. Kwenye C, jibu la fclose mara nyingi halisomwi. Kwenye Go, mazoea ni kuahirisha kufunga hadi mwisho wa kazi na kutupa jibu lake. Rust, pamoja na ukali wake wote, hufunga faili yenyewe linapoisha kutumika, na nyaraka zake zinasema wazi kwamba makosa ya wakati huo hupuuzwa. Anayeyataka anapaswa kuomba data iandikwe kabla, kwa ombi la wazi. Maktaba zimesaidia sana njia nzima, zikaacha pengo mlangoni.

Kuna pia flashi za bandia, zilizoandikwa uwezo mkubwa nje huku ndani zikiwa na sehemu ndogo tu ya uwezo huo. Hizi hazirudishi kosa lolote. Kidhibiti chake humdanganya mfumo endeshi, data mpya huandikwa juu ya ya zamani au hutupwa, na kila ombi hujibiwa vizuri. Hapa hakuna maktaba itakayokuokoa. Njia pekee ni kulisoma faili upya baada ya kuandika na kulilinganisha na la mwanzo, baada ya kuichomoa flashi na kuichomeka tena ili usisome nakala iliyobaki kwenye kumbukumbu ya kompyuta.

Kosa kwa lugha ya karani

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na kampuni ya IT+46 ya Uswidi, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye Kiswahili, chini ya mradi ulioitwa Kilinux. Kwa mara ya kwanza karani aliweza kufungua, kuhifadhi na kuchapa kwa kusoma menyu za lugha yake. Kazi ile ilistahili kuendelezwa kwa bidii kubwa zaidi kuliko ilivyopata.

Kuhusu makosa, msimamo wangu ni huu. Jina FileNotFoundError libaki lilivyo, na namba 28 ibaki 28, kwa sababu ndivyo fundi atakavyotafuta msaada na kuelewana na fundi mwenzake wa Nairobi au Kampala. Lakini vyote hivyo ni vya fundi. Karani anahitaji sentensi mbili tatu za Kiswahili: Flashi imejaa. Faili halijahifadhiwa. Futa kitu au tumia flashi nyingine. Sentensi hizo haziwezi kuandikwa na mtunzi wa maktaba aliyeko Amsterdam wala San Francisco. Ni kazi ya anayeandika programu hapa, na anaweza kuifanya iwapo tu sababu imemfikia ikiwa nzima. Anayedaka makosa yote kwa pamoja na kuandika kwamba kuna tatizo, jaribu tena, amemnyima karani kile ambacho mfumo ulikuwa umekitoa bure.

Walimu wanaofundisha vijana kuandika programu, vyuoni na kwenye vituo vya mitaani, nawaomba wabadilishe somo la kwanza. Kila kompyuta yenye Linux ina kifaa cha kubuni kiitwacho /dev/full, ambacho kazi yake ni kujibu 28 kwa kila anayejaribu kukiandikia. Mwanafunzi aandike ile programu ya C ya kutoa salamu, kisha aelekeze salamu yake huko. Programu itamaliza na kuripoti kwamba imefaulu, ingawa hakuna herufi hata moja iliyoandikwa. Ajaribu Java, nayo itanyamaza vilevile. Ajaribu Python 3, ataona malalamiko, na programu itamaliza kwa kurudisha namba 120, ishara ya kushindwa. Kisha mwambieni airekebishe ile ya C mpaka ikiri kushindwa. Haihitaji intaneti wala kompyuta ya gharama, na inatosha kipindi kimoja cha asubuhi kabla umeme haujakatika.